Mzee Ebenezer Mwangomale, Mgonga Vyungu wa Lyulilo, na Mgomba wa Mpakani

Ndugu waombolezaji, mliotoka Njisi, Kyela mjini, Tukuyu, na ninyi mliokuja kwa mitumbwi kutoka Ikombe, poleni kwa safari na poleni kwa msiba.

Wasifu huu umeandikwa, na leo unasomwa, na Elizabeth, dada wa marehemu na mwalimu mstaafu. Hakuiomba kazi hii. Marehemu alimpa kwa amri, mbele ya mashahidi, siku ambayo hakuwa na nguvu ya kubishana, na kwa hiyo akashinda. Kwa kuwa wasifu ni wa marehemu na si wa msomaji, humu ndani Elizabeth ataitwa Elizabeth kama mtu mwingine yeyote, na atasemwa pale anapostahili kusemwa. Mnaombwa msimkatize. Hapa kwetu msomaji wa wasifu hakatizwi, na marehemu alilijua hilo vizuri sana, ndiyo maana tumefika hapa.

Marehemu Mzee Ebenezer Anyosisye Mwangomale alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 kijijini Matema, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Anyosisye Mwangomale, mkulima wa mpunga na ndizi, na Mama Naomi, Mkisi wa Ikombe, mfinyanzi. Mama alipokuwa akifinyanga alimlaza mtoto ndani ya chungu kipana kilichotandikwa khanga, na Elizabeth, aliyekuwa na miaka minne, alikaa pembeni akikishika kisipinduke. Kilipinduka mara moja tu. Marehemu hakuwa na umri wa kukumbuka, lakini alihadithiwa, na tangu hapo hakuacha kumkumbusha dada yake mpaka mwezi uliopita.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Alipokuwa darasa la nne, wazazi walichangia chungu cha maji ya kunywa darasani. Ebenezer alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasogeza sikio kama alivyofundishwa na mama, akamwambia mwalimu, "Hiki kina ufa." Mwalimu alikitazama nje na ndani, hakuona ufa, akamchapa viboko viwili vya kiherehere. Siku ya Alhamisi chungu kilifunguka chenyewe na maji yakaenda hadi chini ya kabati la madaftari. Chungu cha pili kilipoletwa, mwalimu alimwita Ebenezer akigonge kwanza, huku akitazama dirishani.

Kuanzia mwaka 1975 alifanya biashara ya vyungu. Kila Jumamosi akina mama wa Ikombe walipofika Lyulilo na mitumbwi, marehemu alikuwa amekwisha chuchumaa mchangani akiwasubiri. Aligonga kila chungu, kimoja kimoja, amefumba macho. Vizima aliviweka kulia. Vyenye ufa alivirudisha kwa heshima, jambo ambalo liliwaudhi akina mama zaidi kuliko kama angevirudisha kwa matusi. Mmoja wao alimuuliza siku moja, "Wewe mtoto wa Naomi, unanunua au unapima malaria?" Marehemu akajibu, "Nasikiliza, Mama." Alivipakia kwenye tenga la baiskeli, kumi na vinane kwa safari, akivisokotea majani makavu ya migomba, akavifikisha Kyela mjini. Baadaye alivipakia kwenye malori ya Tukuyu na Mbeya. Katika miaka yote hiyo alivunja vyungu vinne. Vitatu alisema ni makosa ya barabara. Cha nne alikikalia.

Tarehe 3 Septemba 1983 alifunga ndoa na Tusajigwe, binti wa Njisi. Siku ya posa alikaribishwa togwa, na kabla ya kunywa aligonga chungu cha mama mkwe mtarajiwa, akatikisa kichwa. Wazee waliomsindikiza walitamani ardhi ipasuke iwameze. Tusajigwe alikuwa jikoni, akasema kwa sauti iliyosikika sebuleni, "Mtu anayesema kweli hata siku ya posa, huyo hataweza kunidanganya." Basi wakaoana, na ni kweli hakuwahi kumdanganya. Palikuwa na jambo moja tu ambalo marehemu alijidanganya mwenyewe, na jambo hilo ndilo limetuchelewesha hapa.

Mwaka 1990, Mzee Lazaro Mwasomola alihamia shamba lililopakana na la marehemu. Wawili hao, wakiwa bado wanapendana, walitafuta alama ya mpaka. Watu wengine wangeweka jiwe. Hawa walipanda mgomba, kwa kuwa mmoja alitaka majani ya kupakia vyungu na mwingine alitaka ndizi. Sote hapa ni watoto wa migombani na tunajua tabia ya mgomba. Ukishazaa unakatwa, chipukizi lake linasimama pembeni, na chipukizi la chipukizi linasimama pembeni zaidi. Kufikia mwaka 2001 mgomba ulikuwa hatua nne ndani ya shamba la marehemu, na Mzee Lazaro analima kuufuata.

"Umeuhamisha," marehemu alimwambia.

"Umehama wenyewe, Tata," alijibu Mzee Lazaro. "Mimi nimelala tu."

"Mgomba hauna miguu."

Mazungumzo hayo yalirudiwa kwa miaka ishirini na minne, sokoni, barabarani na kwenye ngazi za kanisa, bila kuongezwa neno. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na kamba ya kupimia mara mbili. Mara ya tatu hakuja na kamba, alikuja kuwapa pole wake zao. Hata hivyo, mwaka 2009 Mzee Lazaro alipoumwa na nyoka, ni marehemu aliyempakia kwenye baiskeli, mahali pa vyungu, akamkimbiza zahanati. Walibishana njia nzima. Muuguzi alisema ubishi huo ulimsaidia mgonjwa asilale.

Ugonjwa ulianza mwezi Juni 2018, kwa kope la jicho la kushoto. Asubuhi jicho lilikuwa wazi. Kufikia saa kumi jioni, kwaya ilipokuwa mazoezini, kope lilianza kushuka polepole, na kwa bahati mbaya lilishuka upande wanakosimama sauti ya pili. Marehemu alikuwa mzee wa kanisa. Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye kumtaja hakutamfufua marehemu, alipeleka malalamiko kwamba anakonyezwa. Baraza la wazee likamwita marehemu saa mbili asubuhi. Kwa kuwa ilikuwa asubuhi, jicho lilikuwa wazi kama dirisha. Wazee wakaona kwamba, kumbe, akitaka anaweza, wakampa onyo kali.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo, mama yake Mzee Lazaro alifariki. Marehemu alikwenda msibani kama jirani mwema, akaketi, na Mzee Lazaro mwenyewe akampelekea wali na nyama. Marehemu alitafuna mara nne. Mara ya tano taya liligoma. Akalisaidia kwa mkono, likagoma. Nyama ikarudi kwenye sahani mbele ya watu, na alipojaribu kuomba radhi, sauti ilitokea puani. Watu wote waliacha kula, wakamtazama Mzee Lazaro aliyekuwa bado ameshika bakuli la mchuzi.

Elizabeth alikuwa ameketi mbele ya ndugu yake. Elizabeth ndiye aliyesema, "Nyama ya Lazaro imemfunga mdomo ndugu yangu." Alilisema mara moja tu. Halikuhitaji kusemwa mara ya pili, kwa sababu kabla ya jioni lilikuwa limefika Kyela mjini.

Mwezi Novemba marehemu alipelekwa hospitali Mbeya, akapokewa na Daktari Marcel, kijana wa Bukoba, mpole. Daktari hakuuliza habari za nyama. Aliuliza, "Mzee wangu, asubuhi jicho likoje, na jioni likoje?" Kisha akaweka kipande cha barafu juu ya kope, wakangoja dakika mbili, na kope likanyanyuka. Ikapigwa picha ya kifua. Nyuma ya mfupa wa kifua, mbele ya moyo, kuna tezi iitwayo thaimasi. Kazi yake kubwa ni utotoni, kuwafundisha askari wa mwili, na mtu akikua nayo husinyaa. Ya marehemu haikusinyaa. Iliota uvimbe wa ukubwa wa limau, askari wakapotoshwa, wakaanza kuzuia amri zisifike kwenye misuli. Ndiyo maana kila kitu kilianza vizuri na kuchoka kwa kutumika: kope, taya na sauti.

Tusajigwe aliporudi naye kutoka Mbeya hakwenda nyumbani. Ilikuwa jioni na baraza la wazee lilikuwa kikaoni. Alimnunulia mume wake barafu ya ubuyu barabarani, akaingia naye kanisani, akamketisha, akaibandika barafu juu ya jicho. "Tutasubiri dakika mbili," aliwaambia wazee. Wazee walisubiri. Maji mekundu ya ubuyu yalishuka shavuni hadi kwenye shati jeupe. Tusajigwe alipoondoa barafu, jicho lilikuwa wazi, linawatazama. "Haya, semeni tena kwamba anakonyeza," alisema. Onyo likafutwa jioni hiyohiyo, na mama wa sauti ya pili akahamia sauti ya kwanza.

Machi 2019 marehemu alipasuliwa Dar es Salaam na uvimbe ukatolewa. Jicho lilifunguka, taya likarudi kazini, na kwa miaka mitatu alionekana Lyulilo kila Jumamosi. Daktari alikuwa amemwonya kwamba uvimbe ulikwisha toboa ganda lake kabla ya kutolewa, kwa hiyo arudi kupimwa. Alirudi. Lakini neno la Elizabeth nalo lilikuwa limekwisha toboa ganda lake. Watoto waliacha kutumwa kwa Mzee Lazaro kuomba moto. Kakao yake ilianikwa peke yake. Alipoingia kwenye benchi la kanisa, wenzake walikumbuka benchi jingine. Elizabeth alipoonyeshwa karatasi za hospitali alisema, "Hospitali inaona uvimbe, haimwoni aliyeuweka." Alikuwa mwalimu, na watu walimwamini.

Mwaka 2022 marehemu alianza kukohoa na kukatwa pumzi. Asubuhi moja aliketi kitandani akajigonga kifua kwa kifundo cha kidole, amefumba macho, akianzia juu. Akamwambia mke wake, "Mama Asifiwe, huku chini hakulii." Walipofika Mbeya, Daktari Marcel alimgonga palepale, naye akasikia hivyohivyo. Marehemu alifurahi mno kukuta mtu anayegonga vizuri. Palikuwa na maji kifuani, na kwenye utando unaofunika pafu palikuwa na vinundu vingi vidogo vya uvimbe uleule. Maji yalitolewa, dawa za kutundikwa mishipani zikaanza. Mwaka 2024 vinundu vilionekana kwenye ini, na mwishoni mwa mwaka kwenye pingili za mgongo. Marehemu akaacha kutembea.

Januari mwaka huu ukoo ulikaa. Elizabeth alisimama akasema, "Ugonjwa gani huu unahama kifua, unahamia pafu, unahamia ini, unahamia mgongo, kama mpangaji asiyelipa? Huu una mtu anauelekeza." Ukoo ukapitisha mawili: Lazaro asikanyage ua huu wakati wa ugonjwa wala wakati wa msiba, na matanga yakishaanuliwa, ahame kijiji. Marehemu alikuwa chumba cha pili, anasikia kila neno.

Mwezi Machi alimwomba mwanawe Aliko ampigie Daktari Marcel simu, na ukoo uitwe. Sauti ya simu ilikuwa ndogo, kwa hiyo marehemu akaagiza iwekwe ndani ya chungu kikubwa, kilichokwisha gongwa na kukubaliwa. Tukainama sote kuzunguka chungu, na daktari akaongea kutoka ndani yake. Alieleza kwamba chembe za uvimbe wa kwanza hujibandua, zikaangukia kwenye utando wa pafu, zikashika, zikaota. Nyingine hubebwa na damu hadi kwenye ini na mifupa. "Hata za kwenye ini, si ugonjwa wa ini," alisema. "Ni shina lilelile la kifuani, limechipua mbali."

Elizabeth aliinamia chungu akauliza, "Na nani anazituma?"

"Hakuna, Mama," kilijibu chungu. "Zinakwenda zenyewe."

Marehemu alianza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi Tusajigwe akamshika mgongo. Tusajigwe alikwisha mwelewa. "Sema basi, Baba Asifiwe," alimwambia. Kwa siku tatu marehemu alilala ameangalia ukuta. Ndugu, ilimbidi achague kati ya kurogwa na kushindwa, na Elizabeth, aliyemjua tangu kwenye chungu cha khanga, anashuhudia kwamba siku ya kwanza na ya pili marehemu alielekea kuona afadhali kurogwa.

Siku ya nne alimwita.

"Dada Eliza, umemsikia daktari?"

"Nimemsikia."

"La kifuani limetoa machipukizi, hakuna aliyeyatuma. Sasa la shambani nalo?"

Elizabeth alitazama dirishani, upande wa mpakani.

"Siwezi kusema la kifuani limekwenda lenyewe, halafu la shambani limehamishwa," alisema marehemu. "Nikisema Lazaro hakunitumia ugonjwa, ni lazima niseme hakuhamisha mgomba. Na kweli hakuhamisha. Nilijua tangu mwaka wa pili."

Elizabeth alimshauri amwite Mzee Lazaro chumbani, amwambie kwa sauti ndogo, yaishe. Marehemu alikataa. "Mimi nimemsema kila barabara. Wewe umemsema msibani kwa mama yake. Nikimnong'oneza chumbani, kesho mtasema amenirogea ulimi. Itasemwa siku nitakayozikwa, kwenye kipaza sauti. Na utasoma wewe. Akisoma mwingine, watangoja kusikia wewe utasemaje."

Elizabeth aliandika wasifu huu mara tatu bila jina la Lazaro. Aliandika vizuri, kwa tarehe na aya. Tusajigwe aliusoma wa kwanza akaurudisha: "Huu una ufa, wifi." Wa pili akaurudisha bila neno. Wa tatu hakuupokea kabisa, akaendelea kupepeta mchele. Huu ni wa nne. Elizabeth hakuchelewa kwa sababu ya kutojua maneno. Aliogopa nyuso zenu, kama mnavyoziona ninyi kwa ninyi hivi sasa.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa tano asubuhi, nyumbani kwake Matema, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Aliomba ageuzwe kuelekea dirisha la upande wa mpakani. Alitazama nje kwa muda, akasema, "Umesogea tena." Alitabasamu kwa macho yote mawili, yakiwa yamefunguka sawasawa, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Familia inasema ndaga fijo, asante sana, kwa Daktari Marcel na wauguzi wote, kwa usharika, kwa akina mama wa Ikombe walioleta vyungu vya kupikia msiba huu na kukubali vigongwe, na kwa majirani.

Marehemu ameacha mjane, Tusajigwe, watoto wanne, Asifiwe, Aliko, Neema na Dickson, wajukuu tisa, dada mmoja, Elizabeth, na jirani mmoja, Mzee Lazaro Mwasomola, ambaye hakumroga, hakumtumia ugonjwa wowote, na hakuhamisha mgomba. Alimpelekea marehemu sahani ya chakula siku aliyofiwa na mama yake, na Elizabeth akamlipa kwa neno la uongo mbele ya watu. Leo Elizabeth analifuta mbele ya watu haohao. Maamuzi ya ukoo ya Januari, aliyoyaleta Elizabeth mwenyewe, anayaondoa, na mwenye kupinga asimame sasa, ampinge yeye.

Hadi wasifu huu unapelekwa Kyela mjini kuchapwa, siku ya Alhamisi, Mzee Lazaro alikuwa ameketi upande wake wa mpaka kwa siku ya tatu, amevaa koti, hajavuka. Ratiba mliyoshika inasema kwamba baada ya wasifu ni salamu za serikali. Salamu zitangoja. Elizabeth atashuka hapa sasa, aende mpakani, apige magoti aombe radhi. Mzee Lazaro akikubali, atakuja kushika koleo la kwanza. Asipokubali, Elizabeth atakaa naye hukohuko chini hadi akubali, na jeneza halitashushwa kabla hawajarudi wawili.

Ebenezer, mdogo wangu, nimeyasoma yote. Sasa pumzika.